Juu ya Uchachu wa Pombe: Ulanzi wa Njombe na Makambako na Maneno ya Kuusifia

Kusudi la makala haya ni kueleza ulanzi, kinywaji cha watu wa nyanda za juu za kusini mwa Tanzania, pamoja na jamaa zake wa nafaka, na kuyachungua maneno yatumiwayo kwa kuvisifu na kuvitia kasoro. Yamkini msomaji atauliza pombe ina shughuli gani katika jarida la lugha. Jibu langu ni tukio dogo lililonipata mwenyewe. Nilimsifia rafiki yangu, mwenyeji wa Tanga, ulanzi nilioukuta Njombe, nikamwambia kwamba ulikuwa mkali kwa namna ya kupendeza. Alikunja uso. Kwake yeye neno lile lilikuwa onyo wala si sifa. Alidhani nimekunywa kitu cha jamii ya gongo, akanisihi nisirudie. Mimi nilitaka kusema kwamba kinywaji kile kilikuwa na ule ukali wa ndimu na wa maziwa ya mgando, ukatao kiu na kuamsha ulimi. Lakini neno nililolitumia lilinisaliti. Tangu siku hiyo nimekuwa nikijiuliza Mswahili afanyeje akitaka kumpendekezea mwenziwe pombe chachu bila ya kumtisha.

Watu wa pwani wana methali ijulikanayo na kila mwanafunzi: mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Methali hii hufundishwa kama onyo juu ya sifa, nayo imeifanya kazi hiyo vyema. Lakini tukiitazama kwa jicho la mnywaji, yatueleza jambo jingine pia. Sifa imharibuyo mgema ni sifa ya jumla, ile ya kusema tembo lako ni zuri, basi. Asifiwaye hivyo hajui ni kitu gani katika tembo lake kilichopendwa, wala amsifuye hana njia ya kukitambua kikipungua. Mtu asemaye kwamba povu la leo ni zito, na kwamba utamu umeondoka lakini uchachu haujafika kwenye siki, huyo hatiliwi maji kwa urahisi, kwa maana maji yataonekana mara moja mahali hapo hapo alipopataja. Kwa hiyo sifa iliyo bora yahitaji msamiati, na msamiati wa jambo hili umo zaidi midomoni mwa wagema na wapishi wa pombe kuliko kurasani mwa kamusi.

Ulanzi ni maji ya mwanzi. Si kila mwanzi ufaao. Ugemwao ni ule ambao wataalamu wa mimea huuita Oxytenanthera abyssinica. Hupandwa mabondeni, kandokando ya mashamba na karibu na nyumba, na kila kichaka kina mwenyewe, kama vile mnazi ulivyo na mwenyewe huko pwani. Kazi hufanyika wakati wa mvua, tangu Desemba au Januari hata kufikia Mei hivi, ambapo machipukizi hutoka ardhini kwa nguvu. Mgema hukata ncha ya chipukizi lililo changa bado. Kisha asubuhi na jioni huchonga upya mahali palipokatwa, akiondoa kipande chembamba tu ili jeraha lisizibe, na maji yatokayo hupokewa katika mbeta, yaani chombo cha pingili ya mwanzi kilichofungwa penye ncha. Chipukizi lililogemwa haliwi tena mwanzi mrefu wa kujengea. Basi kila mwenye kichaka huamua kila mwaka ni machipukizi mangapi atakayoyanywa na mangapi atakayoyaacha yawe miti. Nami nimesikia ndugu wawili wakibishana juu ya hesabu hiyo kwa ukali kuliko walivyobishana juu ya shamba.

Jina lenyewe latufaa kulitazama. Huko Njombe na Iringa mmea huitwa mlanzi, na kinywaji chake ulanzi. Mlanzi wa bara na mwanzi wa Kiswahili yaelekea ni ndugu wa tumbo moja. Kiswahili kimepoteza l ya zamani katika maneno mengi ambayo lugha nyingine za Kibantu zimeihifadhi; wasemao njala ni wengi kuliko sisi tusemao njaa. Kwa hiyo tulipolipokea neno ulanzi katika Kiswahili cha leo hatukuazima kitu kigeni, bali tulirudishiwa neno letu la zamani likiwa na konsonanti yake, na safari hii limevaa kiambishi u-. Kiambishi hicho si cha bahati tu: ugimbi, uji, na utomvu vimo katika ngeli hiyo hiyo ya vitu visivyohesabika. Mwandishi aandikaye "pombe ya mianzi" mahali pa ulanzi, akidhani kwamba ndivyo usanifu utakavyo, hupoteza historia hiyo yote kwa faida ya maneno matatu yasiyo na ladha.

Sasa nije kwenye uchachu. Jambo la kwanza la kufahamu ni kwamba hakuna atiaye hamira katika ulanzi. Chachu imo tayari hewani, katika gamba la mwanzi, na katika mbeta iliyotumika jana. Maji yatokapo kwenye chipukizi ni matamu, lakini huanza kuchacha yakingali yananing'inia, na kwa saa chache, tuseme tano hata kumi na mbili, huwa pombe yenye nguvu karibu na ile ya bia ya chupa, yaani kadiri ya asilimia 5. Humo mna wafanyakazi wa aina tatu. Wa kwanza ni chachu yenyewe, igeuzayo sukari kuwa kileo na povu. Wa pili ni bakteria wa asidi ya maziwa, wale wale wagandishao maziwa, ambao hutoa uchachu laini, wa mviringo, usiochoma pua. Wa tatu ni bakteria wa siki, ambao huhitaji hewa, hufika wakiwa wamechelewa, na wakiachwa huila kazi ya wenzao wote. Ulanzi mzuri ni ule uliokamatwa wakati wafanyakazi wa pili wamekwisha sema na wa tatu ndiyo kwanza wanakohoa mlangoni.

Wenyeji wana majina kwa hatua hizi. Ulanzi mpya ulio mtamu huitwa mtogwa. Ule uliokwisha kukomaa, wenye nguvu na uchachu, huitwa mkangafu. Majina haya mawili yastahili kuchunguzwa na wanasarufi. Mtogwa yaelekea umehusiana na togwa, kinywaji cha unga na kimea kisicholevya, kinywewacho na wakubwa kwa watoto. Yaani ni ulanzi ulio katika hali ya togwa. Mkangafu una sura ya sifa yenye tamati -fu, kama mkunjufu na mpotevu zilivyo na tamati za jamii hiyo, nao m- wake ni upatanisho wa ngeli ya ulanzi, kama tusemavyo ulanzi mzuri. Hata hivyo vilabuni husikii "ulanzi mkangafu" mara nyingi. Mtu huagiza mkangafu peke yake, na sifa imesimama mahali pa jina. Neno lisimamapo hivyo ni dalili kwamba kitu chenyewe kina soko na kina watu wakijuao.

Nilikuwa Njombe mwezi wa Machi. Mji ule uko karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na baridi yake husifika nchi nzima. Kwa mtu aliyezoea tembo la pwani, ambalo jua hulikimbiza likawa siki kabla ya magharibi, ni jambo la kustaajabisha kuona jinsi kinywaji kinavyokwenda pole pole mahali penye baridi. Nilipofika nyumbani kwa mgema mmoja, mzee wa makamo, tukaamkiana "Kamwene", nami nikaongeza shikamoo kwa adabu ya kwetu, akanipa vikombe viwili, cha asubuhi ile na cha jana yake, bila ya kuniambia kipi ni kipi. Cha kwanza kilikuwa kitamu, cheupe kama maji yaliyooshea mchele, kina harufu ya majani mabichi na ya tikiti. Cha pili kilikuwa kimekauka. Utamu ulikuwa umebaki nyuma kabisa ya ulimi kama mtu aliyeaga lakini hajaondoka, na mbele yake kulikuwa na uchachu safi, na ukakasi kidogo wa ule mti wenyewe. Nikamwambia nakitaka hicho cha pili. Akacheka, akasema kwamba wageni wengi hukimbilia cha kwanza.

Makambako ni habari nyingine. Mji huo uko chini kuliko Njombe, umbali wa kilometa 60 hivi, nao una joto zaidi. Hapo barabara ya Songea huungana na barabara kuu iendayo Mbeya na Zambia, na reli ya TAZARA, iliyojengwa baina ya mwaka 1970 na 1975, ina stesheni yake. Mahali penye njia panda kila kitu hufika kikiwa kimesafiri. Ulanzi hufika katika madumu ya plastiki, umetikisika, umepata joto, na umezeeka kuliko umri wake. Mnywaji wa Njombe huuliza "umegemwa lini?", yule wa Makambako hana budi kuuliza pia "umetoka wapi, na kwa chombo gani?" Na hapa nitoe tahadhari kwa yeyote atakaye kusafiri nao: kinywaji hiki kikiwa hai huendelea kutoa hewa. Dumu lililokazwa kifuniko huvimba. Nimelishuhudia moja likipasuka ndani ya basi, na abiria wa viti vitatu wakashuka Makambako wakinuka karamu ambayo hawakualikwa.

Wako watu wasemao kwamba uchachu katika pombe ni kasoro, na kwamba pombe ya kistaarabu ni ile angavu, baridi, yenye uchungu wa hopsi, itokayo chupani. Wazo hilo ni la juzi, wala si la dunia nzima. Katika bonde la mto Senne, Brussels na kandokando yake, nchini Ubelgiji, hupikwa bia iitwayo lambiki. Nafaka yake ni shayiri iliyofanywa kimea pamoja na ngano isiyofanywa kimea. Supu yake ya moto humwagwa wakati wa baridi katika sinia kubwa la shaba au chuma lililo wazi, ikaachwa usiku kucha ipoe na kupokea chachu za hewani. Hapana atiaye hamira. Kisha hutiwa katika mapipa ya mbao ikakaa mwaka mmoja, miwili, hata mitatu, na uchachu wake huzidi kuwa na mambo mengi. Mafundi huchanganya ya zamani na changa wakaitia chupani ichache mara ya pili, nayo huitwa gezi. Kiwanda cha Cantillon cha Brussels, kilichoanzishwa mwaka 1900, chafanya hivyo hata leo, na wapenzi wa bia hukisafiria kutoka Marekani na Japani. Wajerumani nao wana bia nyeupe ya Berlin, na wana gose, iliyotiwa chumvi na giligilani, ambayo ilipata jina lake kutoka mji wa Goslar. Tangu miaka ya 1970 na 1980, viwanda vidogo vya Marekani na Ulaya vilipoanza kuchoshwa na bia zilizofanana zote, mitindo hii ya uchachu imefufuliwa kwa heshima kubwa.

Mtu aliyezoea mkangafu akionjeshwa gezi atatambua jamaa yake kabla ya kumeza. Tofauti zipo, kwa hakika. Gezi imekaa miaka, ulanzi umekaa usiku. Gezi ina harufu ya ngozi na ya zizi la farasi, itokanayo na chachu ya mwitu ambayo Mdenmarki Claussen, wa kiwanda cha Carlsberg, aliieleza mwaka 1904 na kuipa jina la Brettanomyces, yaani kuvu la Uingereza, kwa kuwa aliipata katika bia za Kiingereza. Ulanzi una ubichi wa mmea, usioweza kupatikana katika shayiri. Lakini kanuni ni moja: kuikaribisha hewa ya mahali ifanye kazi, kisha kujua ni lini pa kuizuia. Tofauti kubwa zaidi imo katika maneno. Gezi imeandikiwa vitabu vya kuisifu, na kila harufu yake ina jina. Ulanzi katika Kiswahili cha ofisini hutiwa katika fungu moja la "pombe za kienyeji", fungu ambalo Sheria ya Vileo ya mwaka 1968 ililitenga na vileo vingine kwa ajili ya leseni. Kwa kazi ya leseni fungu hilo lafaa. Kwa kazi ya ulimi halifai kitu.

Basi tuyatazame maneno tuliyo nayo. La kwanza ni -kali, nalo ndilo lililonipotosha. Ukali wa kisu, wa jua, wa mwalimu, wa pilipili, wa ndimu na wa konyagi vyote hukaa chini ya neno hili moja. Zamani muktadha ulitosha kuvitenganisha. Siku hizi "pombe kali" imegandamana na vinywaji vilivyotoneshwa kwa moto, hasa tangu serikali ya Tanzania ilipopiga marufuku, tarehe 1 Machi 2017, pombe kali zilizofungwa katika vifuko vya plastiki viitwavyo viroba. Neno lililokwisha kuingia katika tangazo la serikali kwa maana moja halirudi kwa urahisi katika maana zake nyingine. Kwa hiyo nashauri -kali liachwe kabisa katika kueleza uchachu wa pombe.

La pili ni -chachu, na hili ndilo nililipendalo. Limetokana na kitenzi chacha, chenye maana ya kuumuka na pia ya kugeuka ladha, na kwa hiyo lina sababu na matokeo yake ndani ya neno moja. Upinzani uwezao kuletwa ni kwamba chachu ni jina la kile kiumuacho mkate, na kwamba "bia chachu" yaweza kueleweka vibaya. Sioni hatari hiyo. Upatanisho utatuonyesha: ulanzi mchachu, tembo chachu, machungwa machachu. Upinzani wa maana zaidi ni kwamba masikio mengi husikia katika chachuka kitu kilichoharibika, kama wali uliolala. Hilo ni kweli. Lakini twaweza kutenga: kilichochacha ni kile kilichofanya kazi yake, na kilichochachuka ni kile kilichopita mahali pake. Sidai kwamba wasemaji wote hutenga hivyo. Nasema tu kwamba lugha imetuwekea mlango wazi.

La tatu ni ugwadu, uchachu wa embe bichi na wa ukwaju. Neno hili halitumiki vya kutosha. Lina furaha ndani yake, maana mtu alitumiaye huwa tayari mate yamemjaa kinywani. Mtogwa wa adhuhuri, ulioanza tu kugeuka, una ugwadu. Mkangafu una uchachu. La nne ni ukakasi, ambao si ladha hasa bali ni mguso, ule wa ndizi mbichi uukunjao ulimi. Wengi huuchanganya na uchachu, nao ni kosa, kwa sababu pombe yaweza kuwa na mmoja bila ya mwingine. Uchungu, mwishowe, ni wa bia ya chupa na wa mbege ya Kilimanjaro, ambayo hutiwa gome la msesewe. Ulanzi hauna uchungu, na ukiuona jua kuna jambo.

Nimesema machache juu ya pombe za nafaka, nami sitasema mengi, kwa kuwa zastahili makala yake. Ugimbi na komoni hupikwa kwa mahindi na kimea cha ulezi, aghalabu na wanawake, ambapo kugema ulanzi ni kazi ya wanaume zaidi. Hizi ni pombe nzito, zenye unga ndani, zishibishazo. Uchachu wake ni wa uji uliolala wala si wa tunda, na huonekana vizuri zaidi zikiwa vuguvugu. Kwa kuwa nafaka haina msimu mfupi kama chipukizi, hizi ndizo zishikazo vilabu baina ya Juni na Novemba, mianzi inapopumzika. Jamaa yao wa kiwandani ni Chibuku, iliyoanza Zambia katika miaka ya 1950. Husemwa kwamba ilipata jina lake kutokana na buku ambalo mpishi wake aliandikia hesabu za upishi. Kwa mwanaleksikografia hilo ni jina la kupendeza kuliko kinywaji chenyewe.

Kwa yule atakaye kuonja, ushauri wangu ni huu. Aende Njombe kati ya Februari na Aprili, mvua ikiwa imeshika. Aanze na mtogwa wa asubuhi, kidogo tu, ili ajue kinywaji kilitoka wapi. Kisha aombe mkangafu wa jana, wala asiulize kama umetiwa maji, bali aunuse. Harufu ya tikiti na ya unga mbichi ni njema. Harufu ya siki ikimpiga kabla ya kikombe kufika mdomoni, amrudishie mwenyewe kwa adabu, maana huo wafaa kachumbari. Aunywe pamoja na nyama ya nguruwe ya kukaanga, kama dini yake inamruhusu, au na viazi vya Njombe vilivyookwa kwa maganda yake. Uchachu hukata mafuta kama ndimu ikatavyo samaki. Asiudharau kwa sababu ya wepesi wake: mkangafu huingia kama maji na huondoka na miguu ya mtu. Akiwa Makambako na ana safari ya usiku, na aonje kikombe kimoja, dumu aliache.

Neno moja bado lanishinda. Ipo saa, katika siku ya pili hivi, ambapo utamu na uchachu vimelingana sawasawa, hakuna ushindao, na mgema hukijua kwa kunusa tu. Mgema yule wa Njombe alinionyesha kwa kidole juu ya ukingo wa kikombe, akasema "hapa", wala hakuongeza jina. Mtogwa si hiyo, na mkangafu si hiyo. Wasomaji wa Ludewa, Makete na Lupembe wenye kulijua jina la saa hiyo, kwa Kibena, Kikinga, Kipangwa au Kiswahili cha huko, tafadhali watuandikie, pamoja na sentensi moja au mbili za matumizi yake.